Simu ya Bure ya Fundi Walubengo

Jumatatu, 3 Agosti 1987

Oketch ameweka simu. Simu! Yake mwenyewe, ndani ya karakana yake, ng'ambo ya barabara, mkabala kabisa na karakana yangu. Asubuhi alipanda ngazi akapaka namba ukutani kwa rangi nyekundu, tarakimu kubwa za kuonekana mpaka mjini. Akashuka, akarudi nyuma hatua kadhaa, akaitazama kazi yake. Kisha akanitazama mimi. Sikumpa hiyo raha. Niliendelea kupiga randa ubao ambao ulikuwa laini tangu jana, mpaka ukabaki mwembamba kama mwiko.

Sisi sote ni maseremala. Kitanda chake na changu ni sawa tu, isipokuwa changu hakilii mtu akigeuka. Lakini watu wa Kitale na Turbo na Kapsabet watalijuaje hilo? Watampigia yeye. Mwisho wa mwaka nitakuwa nachonga miiko kweli, niuze sokoni kando ya mboga za mke wangu.

Nekoye, huyo mke wangu, anasema simu si kazi, kazi ni kazi. Halafu akanikumbusha tena habari za kukhu, nyanya yangu. Wanyama, binamu yangu wa kule nyumbani Chwele, alituma ujumbe kwamba nyanya anaumwa kifua na ananiulizia. Najua! Kukhu ndiye aliyenilea miaka yote mama alipokuwa akichuma chai Kericho. Alinibeba mgongoni mpaka nikawa mzito wa aibu. Nitaenda. Lakini mtu haendi kwa kukhu mikono mitupu, akamwonyeshe viganja. Nikipata oda moja kubwa, siku hiyo hiyo naondoka.

Jumanne, 4 Agosti

Nimepata wazo. Mimi si mjinga kama Oketch anavyofikiri.

Anayempigia Oketch analipa. Watu wanachukia kulipa. Sasa, ukimwambia opereta kwamba anayepigiwa ndiye atakayelipa, opereta anamuuliza yule wa upande wa pili kama anakubali, akikubali unaongea bila kutoa hata senti. Hiyo ndiyo dawa! Mteja wa Walubengo atapiga bure. Nani atampigia Oketch tena?

Kuna matatizo mawili madogo. Sina simu, na sitaki kulipa. Laini yangu mwenyewe tusahau, nani atavuta waya mpaka kwenye kibanda cha mabati kilichoshikwa na nguzo nne? Inabidi nichague simu ya mtu. Nitachagua kwa makini, kama mtu anayechagua mbao.

Alhamisi, 6 Agosti

Siku nzima nimezunguka kukagua simu. Nimechoka, nimedharauliwa.

Kwanza baa ya Bethwel, hapa mtaani kwetu West Indies, Eldoret. Simu iko juu ya kaunta, karibu na redio, na redio siku hizi ni michezo ya Afrika tu kutoka Nairobi. Bethwel alisema sawa, ila kila simu nitailipia, halafu nimlipe na yeye kwa kuinua mkono kuipokea. Wakati bado tunabishana simu ikalia. Mlevi mmoja akaiwahi, akamwambia mke wa mtu kwamba mumewe amehamia Uganda. Nikamshukuru Bethwel, nikatoka.

Kisha kituo cha petroli. Mwenyewe aliniuliza kwanza kama nimelipia kadi ya chama. Nikasema ndiyo. Akasema nimwonyeshe. Nikasema iko nyumbani. Akasema basi na simu iko nyumbani, na huku ninaiona pale mezani! Baadaye nikaambiwa ni shemeji yake Oketch. Mji huu umeoza.

Nekoye ameuliza kama katika kuzunguka kwangu nilipita stendi kuuliza gari la Chwele. Nikamwomba chumvi.

Jumapili, 9 Agosti

Mungu yupo! Na ana simu.

Huwa naenda Kanisa la Mlima wa Faraja kwa sababu liko karibu, na nakaa nyuma kwa sababu mlango uko karibu. Leo, wakati wa matangazo, Pasta Joash alisimama akasema kwamba ndugu mmoja alipata habari ya kifo cha kaka yake kwa simu ya kanisa. Akatukumbusha utaratibu. Wengi wetu tumetoka mbali kutafuta kazi, akasema, na si vizuri mtu kukosa kumzika wake kwa ajili ya simu. Kwa hiyo simu yoyote ya msiba inayokuja kwa muumini, kanisa linakubali kuilipia. Yoyote!

Niliimba wimbo wa mwisho kwa sauti mpaka mama wa mbele akageuka. Baada ya ibada nilimsalimu Angeline, karani wa kanisa, ambaye ndiye anayeshika simu. Ni mwanamke mpole, analia na kila anayelia. Nikamwomba namba, nikasema watu wa nyumbani ni wazee, huwezi kujua. Akanishika mkono kwa huruma.

Jumatatu, 10 Agosti

Makondakta wamebeba ujumbe wangu kwa wateja wa zamani. Maagizo ni rahisi. Piga namba hii. Mwambie opereta ni msiba. Akiitika mwanamke, sema jamaa fulani wa Walubengo amefariki, taja mji wako, kata simu. Nitakuja mwenyewe na futi ya kupimia. Hata Wanyama kule Chwele nimempelekea, maana anafanya kazi kwenye chama cha ushirika na anajua watu wengi. Atanitafutia wateja.

Nekoye alinisikia nikimweleza kondakta. Hakupiga kelele. Alisema kifo hakitaniwi. Alisema mchuma janga hula na wa kwao. Nikamwambia huo ni uoga wa kishamba, hii ni biashara ya kisasa. Akaenda kulala bila kunipa chai.

Jumatano, 12 Agosti

Imelia!

Angeline alikuja mwenyewe mbio, leso imefungwa nusu, akanikumbatia mbele ya mafundi na wapita njia. Baba yangu mdogo amefariki Turbo. Turbo! Huyo ni yule mwalimu anayetaka kabati la vyombo! Nilifunika uso kwa mikono ili nisionekane nikicheka, na mabega yakanitikisika. Angeline akaanza kulia.

Sikuwa nimefikiria jioni. Jioni walikuja akina mama wa kanisa, wakiimba tangu barabarani, na sukari na majani ya chai. Wakakaa kwenye vitanda vya wateja. Wakaomba kwa zamu. Nekoye alipika chai akiwa amewageuzia mgongo, wakadhani ni uchungu.

Oketch naye alivuka barabara, kofia mkononi, akanipa pole. Alisimama pale, simu yake inalia kule ng'ambo na hawezi kukimbia kuipokea. Hiyo ndiyo chai tamu niliyokunywa wiki hii.

Ijumaa, 14 Agosti

Kukhu amekufa mara mbili. Jana Kitale, leo Kapsabet. Wateja hawana ubunifu.

Angeline aliuliza, kwa upole, nina nyanya wangapi. Nikamweleza kwamba kwetu dada wa nyanya ni nyanya, wake wenza wa nyanya ni nyanya, na babu hakuwa mtu wa mke mmoja. Na ni kweli! Huo ndio uzuri wake, sikuhitaji hata kudanganya. Angeline alisema Bwana ananipima. Pasta Joash aliuliza kama kuna ugonjwa umeingia katika ukoo.

Ila watu wakipewa kitu cha bure wanakichezea. Yule wa Kitale anataka vitanda viwili, vizuri. Yule wa Kapsabet, nimefunga safari mpaka kwake, kumbe alitaka kujua tu bei ya stuli. Kwa ajili ya stuli amemuua nyanya yangu! Mwingine alipiga akamwomba Angeline aniulize kama basi la saa nane limeshatoka, kisha akakumbuka akaongeza msiba.

Nekoye ameondoka. Alifunga nguo zake kwenye leso, akasema yeye hawezi kukaa akiimbiwa nyimbo za watu walio hai. Anakwenda Chwele kumwangalia kukhu, maana mjukuu wake ana shughuli. Nikamwambia amsalimie. Nilisema vizuri tu. Aliniangalia kama mtu anayetazama ubao uliopasuka.

Nyumba ni kimya. Nimekula ugali wa jana kwa sukari ya msiba. Mwanamke hajui kungoja, hilo tu.

Jumatatu, 17 Agosti

Leo Angeline hakukimbia. Alikuja taratibu, akaketi kwenye kitanda cha Kitale kisicho na vibao bado, akasema ni kukhu. Kukhu wa Chwele. Alisema aliyepiga ni Wanyama, na alikuwa akilia mpaka opereta akamwomba arudie. Amesema nije haraka. Amesema kila mtu ananingoja. Amesema nisisahau vifaa vyangu vya kazi.

Wanyama ni fundi! Hata kulia! Wengine wanasema msiba kama mtu anayeagiza soda, lakini Wanyama ameingia mzima mzima. Na maneno yenyewe! Kila mtu ananingoja, na vifaa nisiache. Hiyo si oda ya stuli. Hiyo ni shule nzima. Madawati!

Na mimi sikumwangusha binamu. Nililia mpaka makamasi. Pasta Joash alikuja, akasema safari hii lazima kanisa liende kuzika na mimi, maana wamechoka kuniona nikibeba peke yangu. Nikashtuka. Nikasema ni mbali, barabara ni mbovu, mvua inanyesha, naondoka sasa hivi. Akaniombea safari njema.

Siondoki, bila shaka. Vitanda vya Kitale kwanza, viko karibu kuisha. Chwele hakukimbii. Ila sasa kanisa linajua nimesafiri, kwa hiyo nafanya kazi nikiwa nimefunga mlango. Joto la mabati haliandikiki.

Jumatano, 19 Agosti

Nimepeleka vitanda Kitale juu ya lori la mahindi. Mteja akavitazama. Akasema yeye hakuagiza, alikuwa akiuliza tu, na kwa kuwa kupiga ni bure aliona si vibaya kuuliza. Nimerudi navyo. Mvua imenipiga njia nzima, vitanda viwili na mimi.

Ng'ambo, Oketch anagonga nyundo tangu jioni na bado hajaacha. Ana oda ya haraka, inaonekana. Nachungulia kwa tundu la msumari lakini ameweka turubai. Watu wengine wana bahati, wanasikia tu simu ikilia.

Alhamisi, 20 Agosti

Asubuhi sana pikapu ya Oketch imetoka. Nyuma wamejaa watu wa kwaya ya kanisa, leso kichwani, wanaimba, na katikati yao kuna kitu kirefu kimefunikwa shuka. Pasta Joash mbele na Oketch. Angeline nyuma, macho mekundu.

Kuna muumini amepatwa na msiba. Maskini. Na sanduku wakampa kazi Oketch, ambaye hata kanisani haji! Mimi muumini niko hapa na misumari yangu! Kweli nilikuwa nimejificha, lakini wangeweza kuuliza.

Basi na mimi kesho kutwa naenda kuchukua madawati yangu. Nimetengeneza stuli moja ya mfano, yenye miguu ya kuchonga. Mteja akiona stuli hiyo hatauliza bei.

Jumamosi, 22 Agosti. Chwele

Sijui niandikeje. Nitaandika kama ilivyokuwa.

Nilishuka sokoni na stuli kichwani na mfuko wa vifaa begani. Nilikuwa nikipiga mluzi. Watu wengi walikuwa wamenyoa vichwa, vipara vipya vinang'aa juani, na nikawaza kwamba kuna mzee mkubwa amezikwa na nyumba hiyo lazima itahitaji viti. Hilo ndilo nililowaza. Nikamuuliza mwenye duka ni wapi wanapomngoja fundi kutoka Eldoret. Hakucheka. Akanyoosha kidole, njia ile ile ninayoijua, kwenye boma letu.

Wanyama alikuwa langoni. Kichwa kimenyolewa. Nikaanza kumpongeza kwa ile simu. Nilikuwa nimefika katikati ya sentensi nilipoona udongo mpya nyuma yake, kando ya migomba.

Alikufa Jumatatu alfajiri. Nekoye alimkuta hai, akakaa naye siku zake za mwisho, akimlisha uji kwa kijiko. Kila mlango ulipolia, kukhu aliuliza kama ni Walubengo. Na aliwaambia wasinunue sanduku popote, kwa nini wanunue wakati mjukuu wake ni seremala? Kwa hiyo waliningoja. Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Wanyama akapiga tena kanisani kuuliza nimekwama wapi. Pasta akadhani nimepata ajali njiani, akawaamsha watu waniombee, kisha akavuka barabara kumwomba Oketch. Oketch alichonga usiku kucha na akakataa malipo. Niliisikia ile nyundo. Nililala nikiionea wivu.

Nimeambiwa kwenye mazishi Pasta alisimama akampa mama yangu pole, si kwa kukhu tu, bali kwa wote waliotangulia mwezi huu, hasa yule baba yangu mdogo. Baba yangu mdogo alikuwa pale pale, ndani ya kaburi, akimalizia kuchimba. Alitoa kichwa nje akauliza ni nani aliyekufa.

Nililia. Si kama nilivyomlilia Angeline. Nilikaa chini kwenye udongo ule na nikalia, na hakuna aliyekuja kunishika. Kukhu wangu. Aliniulizia na mimi nikawa napaka vanishi vitanda vya mtu asiyevitaka.

Baadaye nikamuuliza Wanyama Oketch alitumia mbao gani. Akasema podo. Nikauliza pembe aliziunganisha au alipiga misumari tu. Wanyama akaondoka. Nilitaka kujua! Podo inakunywa maji ardhini, mimi ningeweka mvule.

Leo ilikuwa siku ya kunyoa. Waliniita wa mwisho, wakanikalisha kwenye stuli yangu mwenyewe, wakaninyoa kwa wembe uliokwisha makali. Nekoye amenyoa pia. Akiniona nakuja, anavuka upande wa pili wa boma. Mama aliniletea chakula, akakiweka chini, akarudi jikoni. Baba zangu wadogo wawili waliikagua stuli, wakaisifu miguu yake, kisha wakaniuliza kama naikumbuka namba ya simu iliyoandikwa kwenye pikapu ya Oketch.

Jumatatu, 24 Agosti

Nimerudi Eldoret peke yangu. Nekoye amebaki kumsaidia mama. Sikuuliza mpaka lini.

Pasta Joash alikuja. Alisema kanisa halimfukuzi mtu, mlango uko wazi, nyuma pale ninapopenda kukaa. Lakini simu, hapana. Nikamwambia kwamba mfiwa ni mimi. Akasema anajua, na ndiyo maana amekuja kwa miguu badala ya kunitumia mtu. Angeline nilikutana naye njiani. Aliniitikia salamu huku akitazama viatu vyangu. Hilo limeniuma kuliko mahubiri.

Oketch alivuka tena na kofia yake. Nikamshukuru, ilibidi. Maneno yalitoka kama msumari unaong'olewa. Akasema kukhu alikuwa mwepesi sana kubeba. Sikulala.

Alhamisi, 27 Agosti

Nimekaa na hili jambo siku tatu, nimelipima pande zote, na sasa nimeona kosa liko wapi. Nilichagua kanisa baya.

Msiba ni bidhaa ya hatari. Una mwili, una kaburi, una watu wa kwaya wanaopenda kusafiri. Na mtu anaweza kufa mara moja tu kabla watu hawajaanza kuhesabu. Mtu yeyote mwenye akili angeliona hilo. Nilikuwa na haraka.

Leo nimekwenda mtaa wa Pioneer. Kule kuna kanisa jingine, kubwa zaidi, lina simu mpya ya kijani, na karani wao anaitwa Chepkorir, ana sauti safi ya kupokelea. Wao hawalipii misiba. Wao wanalipia simu za wagonjwa! Wana kikundi cha maombi, na wanataka habari za mgonjwa kila zinapokuja. Kila zinapokuja! Mgonjwa anaweza kuugua mwaka mzima. Anapata nafuu, anazidiwa, anapata nafuu. Hakuna anayekuja kuchimba chochote. Na akipona, watu wanashangilia, hawakuulizi maswali.

Nilivaa shati jeupe. Kichwa changu kilichonyolewa kilinisaidia sana, walinipa kiti cha mbele. Chepkorir akaniuliza kama nina mgonjwa nyumbani. Nikafikiri. Baba wadogo nimeshawaharibu, kukhu hayupo. Nikamtaja mama. Kifua, nikasema, kama kile cha marehemu nyanya yangu, na machozi yakanitoka yenyewe. Akaniahidi kwamba hata ikilia katikati ya maombi wataipokea.

Wateja nimeshawapelekea namba. Mama mwenyewe hana haja ya kujua.